Mbwa aliyeng'atwa na mbwa mwenzake auguzwe, asiachwe ajilambe tu

Mhariri,

Kila inapokaribia Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, magazeti hutukumbusha kupeleka mbwa wetu wachanjwe. Ni jambo jema na nawashukuru. Safari hii naomba nafasi nimsemee mbwa ambaye hasemewi: yule aliyeraruliwa na mbwa mwenzake, akarudi nyumbani anachechemea, na mwenyewe akamtazama akasema, "Mbwa huyo, atajilamba atapona." Wengi hawaponi. Na katika wanaopona ngozi, wako wanaobaki na woga ambao baadaye huwageuza wakali, kisha wanafukuzwa au wanauawa kwa ukali huo, wakati walichohitaji ni kuuguzwa.

Mimi ni fundi cherehani, niko Kihonda, hapa Morogoro. Mbwa wangu anaitwa Karanga, jike la kienyeji, mdogo wa umbo, na rangi yake ndiyo iliyompa jina. Mchana hulala chini ya meza ninayokatia vitambaa, na wateja wangu wa siku nyingi humsalimia kabla hawajaniambia wameleta nini. Wakati wa masika mwaka huu mbwa mkubwa wa nyumba ya jirani, anayefugwa kwa ulinzi, alitoka geti likiwa wazi, akamkuta Karanga kibarazani kwangu. Alimdaka juu ya bega, akamwinua na kumtikisa. Waliowatenganisha ni vijana wa bodaboda wa kijiwe cha jirani, kwa ndoo za maji. Walifanya sawasawa kabisa. Ukiingiza mkono katikati ya mbwa wanaopigana utang'atwa, na huenda atakayekung'ata ni mbwa wako mwenyewe, kwa sababu wakati ule hatambui mkono ni wa nani. Maji, ubao wa kuwatenganisha, turubai la kuwafunika, kugonga sufuria kwa nguvu: hivyo ndivyo vya kukimbilia.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Jeraha la meno ya mbwa linadanganya macho. Juu ya ngozi ya Karanga palikuwa na vitundu vichache tu, kila kimoja upana wake kama tundu la kifungo cha shati, na damu ilikuwa kidogo. Jirani aliyekuja kutoa pole aliniambia nimshukuru Mungu, mbwa kaponea chupuchupu. Lakini daktari wa mifugo alipomnyoa manyoya pale begani, tuliona ngozi yote imeiva zambarau mpaka karibu na mbavu. Akaingiza kifaa chembamba kwenye tundu moja, kikapita chini kwa chini, ncha yake ikajitokeza kwenye tundu jingine. Nilishika ukingo wa meza.

Alinieleza kwa utulivu, nami naeleza kama alivyonieleza. Ngozi ya mbwa ni legevu, inavutika. Jino likishazama na anayeng'ata akaanza kutikisa kichwa, ngozi inalifuata jino, ila nyama iliyo chini haiwezi kulifuata. Inachanika, inasagika, na ngozi inabanduka kutoka kwenye nyama. Kule ndani unabaki mfuko wenye damu iliyoganda, manyoya, udongo na mate yaliyojaa bakteria. Kitundu cha juu, kwa kuwa ni kidogo, hujiziba upesi, na uchafu wote umefungiwa ndani. Ukifika siku ya tatu au ya nne pale mahali panavimba, panakuwa pa moto, mbwa anakataa chakula, anapata homa, na usaha unatafuta pa kutokea. Huo ndio wakati watu wengi humleta kwa daktari, au ndio wakati wanaambiwa kwamba amekwisha. Kwa mbwa mdogo aliyetikiswa na mkubwa kuna zaidi: mbavu zinaweza kuvunjika, mapafu au utumbo ukaumia, na kwa nje usione kitu cha kutisha.

Kwa hiyo apelekwe siku ile ile, hata kama anatembea na kutikisa mkia. Ukiwa bado unatafuta usafiri, mfunue mdomo umtazame fizi. Za mbwa mzima ni za waridi na zina unyevu. Ukibonyeza kwa kidole patakuwa peupe, na rangi irudi ndani ya sekunde mbili hivi. Fizi zikiwa nyeupe na baridi, au akihema kwa shida, au tumbo likianza kujaa, usiseme tusubiri kupambazuke. Umfunike asipate baridi, umbebe juu ya ubao au shuka lililokazwa. Na mbwa mpole kuliko wote anaweza kumng'ata anayempenda kwa sababu ya maumivu. Kitambaa kirefu kinaweza kuzungushwa mdomoni na kufungwa nyuma ya masikio kwa muda mfupi, lakini kamwe usimfunge hivyo mbwa anayetapika au anayehema kwa tabu.

Kidonda chenyewe, kabla ya kufika kwa daktari, kinahitaji maji ya chumvi tu: nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa, na kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa. Unavuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, unakisafisha taratibu, ukiwa umevaa glovu. Basi.

Nasema basi kwa kuwa nimeona vinavyofanyika mitaani kwetu. Watu wanamwaga mafuta ya taa kidondani. Wanapaka oili chafu ya gari. Wanavunja betri ya redio wanapaka unga wake mweusi. Wanajaza majivu. Wanafanya hivyo kwa nia njema, wengi walirithi kwa wazee wao, na sitaki kumdhalilisha mtu. Lakini vitu hivi vinaunguza nyama ambayo bado ingeweza kupona, na mbwa akijilamba vinaingia tumboni. Hata spiriti, ambayo kila nyumba inaiamini, inachoma chembe hai zinazojenga ngozi mpya. Na vidonge vyetu ndivyo hatari zaidi. Ibuprofeni na diklofena, ambazo tunanunua dukani kama peremende, humtoboa mbwa vidonda vya tumbo na kumuua figo. Panadol nayo inaweza kumwumiza ini, na kwa paka kidonge kimoja tu kinatosha kuua. Dawa ya maumivu ya mbwa ipo, hutolewa na daktari kwa kupima uzito wake. Antibayotiki nazo zimalizwe kama zilivyoandikwa, si kuacha kwa sababu mbwa ameanza kurukaruka.

Daktari aliposafisha, alishona sehemu moja tu iliyochanika, akaacha vitundu vingine wazi, akapitisha mpira mwembamba chini ya ngozi ili maji machafu yapate njia ya kutokea. Mimi riziki yangu ni kufunga mishono, nikamwuliza mbona kaacha kazi wazi namna hii. Akanijibu kwamba jeraha la meno ukilifunga lote umelifungia ugonjwa ndani; linatakiwa lipone kutoka chini kuja juu. Wapita njia walionicheka na kusema daktari kanila hela kwa kazi nusu, wajue kwamba huko kuachwa wazi ndiko kulikomponya.

Shida iliyofuata ilikuwa ulimi wake na nzi. Ile kola pana ya plastiki ambayo mbwa huvishwa shingoni asijilambe haikupatikana dukani. Usiku wa kwanza nilimlinda kwa mkono. Kulipokucha nikachukua fulana ya pamba ya mwanangu, ya zamani, iliyokwisha kulainika. Kichwa kikapita shingoni, mikono ikawa ya miguu ya mbele, nikaikata tumboni nyuma ya mbavu ili asiichafue akikojoa, na mgongoni nikaipasua nikaweka kamba nne za kufunga badala ya vifungo, kwa kuwa vifungo angevitafuna. Ndani, sawa na bega, nilishonea mfuko wa kitambaa chepesi wa kushikia gozi, yaani kitambaa cha hospitali cha kufunikia kidonda, ukiwa mlegevu usibane ule mpira. Niliipima kwa vidole viwili: viingie shingoni na kwapani bila kulazimisha. Nilishona fulana kadhaa, nikawa nambadilisha asubuhi na jioni, na kila iliyofuliwa ilichemshwa na kupigwa pasi ya moto pande zote mbili. Pasi si urembo. Kuna nzi hapa kwetu wanaotaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa nje, funza wake hutoboa ngozi ya mtu na ya mbwa pia. Na kuna nzi wengine wanaotaga moja kwa moja kwenye kidonda, ambao mayai yao huanguliwa hata kabla ya siku kupita. Mbwa mwenye kidonda wazi akiachwa uani wakati wa joto, keshokutwa utakuta funza wanachemka ndani ya nyama. Niliwahi kuona hivyo kwa mbwa wa mtaa wa pili, na sitaki kuona tena.

Chakula alipewa kidogo kidogo: uji wa dona wenye supu ya dagaa, maini ya kuchemsha, bila kitunguu, maana kitunguu kinaharibu damu ya mbwa. Maji yalikuwa karibu naye muda wote. Hilo halina mengi ya kusema.

Kuhusu kichaa cha mbwa nina mengi zaidi. Swali la kwanza la daktari, kabla hata hajagusa kidonda, lilikuwa kadi ya chanjo: ya Karanga, na ya mbwa aliyemng'ata. Ya Karanga nilikuwa nayo. Akamchoma tena chanjo palepale, kwa sababu aliyechanjwa zamani akirudiwa mapema baada ya kung'atwa mwili wake huamka haraka, kisha akaniagiza nimweke karibu na kumwangalia tabia. Marekani mwongozo wao ni siku 45 za uangalizi kwa mbwa wa namna hiyo. Kwa ambaye hajawahi kuchanjwa ni kutengwa kwa miezi, au kuuawa. Kwa mbwa aliyeng'ata, siku 10 akiwa amefungwa na yuko mzima zinatosha kujua kwamba mate yake hayakuwa na virusi siku ile. Ndiyo maana kumpiga mawe hadi kufa mbwa aliyeng'ata, kama tunavyofanya, kunatuondolea jibu tunalolihitaji. Na akiwa ni mbwa asiyejulikana, aliyekuja akang'ata akatokomea, usianze kumwosha wako mwenyewe kana kwamba ni mchezo. Mfungie, mwite afisa mifugo wa kata. Ukishang'atwa au mate yakiingia kwenye mchubuko, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili hauna tiba. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya watu wanaoupata wameupata kwa mbwa. Wenzetu wa Pemba waliuondoa kisiwani kwa chanjo, ukarudi 2016, wakachanja tena wakauondoa mara ya pili. Kwa hiyo inawezekana.

Bega lilipopona na manyoya kuanza kuota, majirani walinipongeza wakadhani yamekwisha. Kwangu mimi hapo ndipo kazi ngumu ilipoanza. Karanga alikataa kutoka kibarazani. Akisikia mnyororo ukilia popote, hata wa baiskeli, alijikunja chini ya meza, masikio yamelala, anatetemeka mpaka mguu wa meza unagonga sakafu. Mtoto aliyezoea kumkumbatia alimgusa bega, akamngurumia. Hajawahi kumngurumia mtoto maisha yake yote.

Ushauri niliopewa ulikuwa wa aina mbili, na wote ninaupinga kwa moyo wangu wote. Wa kwanza: "Mpeleke pale pale kwa yule mbwa, akae naye mpaka amzoee." Huko si kumzoesha, ni kumthibitishia kwamba hofu yake ilikuwa ya kweli na kwamba hata wewe humlindi. Wa pili: "Mchape akinguruma, asije akang'ata mtu." Kunguruma ni onyo. Mbwa anakwambia usogee. Ukimchapa mpaka aache kunguruma, hofu inabaki palepale, ila sasa atang'ata bila kukuonya. Wengine wakanikataza nisimbembeleze, eti nitamlea uoga. Woga si ujanja ambao mbwa hujifunza ili apewe zawadi. Akija kukuegemea, mshike, ongea naye kwa sauti ya chini. Asipokuja, mwache.

Tulichofanya sisi ni kumpa kwanza mahali pake. Niliteremsha kanga mbele ya meza ikawa pazia, na watoto wakaambiwa kwamba akiwa nyuma ya kanga hakuna kumfuata. Alale, ale, atoke kwa hiari yake. Baada ya majuma kadhaa nikaanza kutoka naye alfajiri, njia zikiwa bado tupu, kwa kamba isiyo na chuma, upande usio na geti la jirani. Nilikuwa na dagaa wakavu mfukoni. Tukimwona mbwa kwa mbali, mbali kiasi kwamba Karanga anamwona lakini bado anaweza kula, namtupia dagaa mmoja, mwingine, mpaka yule mbwa apotee. Akianza kujilamba midomo bila chakula, au kugeuza uso, au mkia kuingia katikati ya miguu, hapo tumekaribia mno, tunarudi nyuma. Akikataa dagaa kabisa, tunarudi nyumbani. Hakuna aibu katika kurudi. Polepole akili yake ilianza kuhusisha mbwa wa mbali na dagaa badala ya meno. Dobi wa mtaani kwetu ana mbwa mzee, mtulivu. Tukawa tunatembea, yeye upande mmoja wa barabara na mimi upande wa pili, hatusogezani. Baada ya muda Karanga mwenyewe ndiye aliyevuta kamba kwenda kumnusa mzee wa watu.

Leo anakwenda nami mpaka sokoni. Geti la jirani hapiti, tunazunguka, na sioni sababu ya kumlazimisha. Mbwa wengine hawarudi walivyokuwa. Mwenye mbwa anatakiwa alikubali hilo na kumpangia maisha yanayomfaa, badala ya kumlaumu.

Nimalizie kwa mwenye yule mbwa mkubwa, ambaye simtaji. Siku ile alisema mbwa kugombana ni kawaida, akakataa kuonyesha kadi ya chanjo mpaka mwenyekiti wa serikali ya mtaa alipoingilia. Kadi ilikuwepo, gharama alichangia sehemu, na geti lilitengenezwa. Lakini mbwa yule bado anashinda kwenye mnyororo mfupi juani tangu asubuhi mpaka usiku, na akifunguliwa hajui mtu wala mbwa. Simchukii. Mbwa aliyefungwa hivyo tangu utoto, bila kutembezwa wala kukutana na wenzake, tumemfanya wenyewe kuwa alivyo. Nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, inayokataza ukatili kwa mnyama na kumtaka anayemfuga amtunze. Naomba viongozi wa mitaa waisome kwenye mikutano, na siyo kungoja mtu ang'atwe.

Naomba mambo mengine mawili madogo. Kwanza, siku za chanjo, watu wakiwa wamepanga foleni na mbwa wao, maofisa mifugo watumie dakika chache kueleza namna ya kumhudumia mbwa aliyeng'atwa, na waache namba ya simu ya kata ibandikwe kwenye ofisi ya mtaa. Pili, Mhariri, mumpe daktari wa mifugo nafasi gazetini ajibu maswali ya wasomaji. Sisi wa Morogoro tunaishi mji mmoja na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kinachofundisha madaktari hao. Hawakosekani wa kuandika.

Na kwa yeyote wa Kihonda na mitaa ya jirani mwenye mbwa aliyejeruhiwa: niletee fulana ya pamba iliyofuliwa na vipimo vitatu, yaani shingo, kifua nyuma ya miguu ya mbele, na urefu wa mgongo kutoka shingoni hadi mwanzo wa mkia. Mbwa mwenyewe mwache nyumbani apumzike. Nitaishona siku hiyo hiyo, na sitatoza hela.

Fundi cherehani,
Kihonda, Morogoro